Minyoo, Kinga na Pumu katika Delta ya Rufiji: Kazi ya Protini Iitwayo Interlukini-10

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, kuanzia Nyamisati hadi Mbwera na Msala, mtoto hukutana na minyoo mapema maishani. Kichocho cha mkojo humpata katika maji ya mabondeni anakofuatana na wazazi wake kulima mpunga. Lava wa safura hupenya ngozi ya nyayo zake akitembea peku katika udongo wenye unyevu. Kwa vizazi vingi, mbu wa usiku wamewaletea wakazi wa huko vimelea vya matende na mabusha. Mtoto huyo huyo hulala juu ya godoro la sufi lenye utitiri wa vumbi, huvuta moshi wa kuni za mikoko, na wakati wa mavuno huzungukwa na vumbi la pumba. Mtu angetarajia mwili wake uwe mwepesi kupata mzio. Hata hivyo, tafiti zilizofanyika katika mazingira ya namna hiyo barani Afrika zimeonesha mara kadhaa kwamba watoto wenye aina fulani za minyoo huitikia vumbi kwa uchache kuliko wenzao wasio na minyoo.

Habari hii imekwisha kutoka maabara na kuingia barazani. Mzazi anayeisikia nusunusu anaweza kuhitimisha kwamba dawa za minyoo zinazogawiwa shuleni ndizo zinazoleta pumu, akamficha mwanawe siku ya ugawaji. Mwingine anaweza kudhani kwamba mtoto wa shamba hapati pumu, hivyo mluzi wa kifua wa mwanawe ni mafua yasiyokwisha. Makosa yote mawili yanaweza kugharimu uhai, na yote mawili yanasahihishwa kwa kuelewa kazi ya protini chache zinazoidhibiti kinga ya mwili, hasa ile iitwayo interlukini-10.

Mkondo wa mzio

Pumu ni uvimbe wa muda mrefu wa mirija ya hewa. Kubanwa kifua, kikohozi cha alfajiri na mluzi wakati wa kutoa pumzi ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe huwamo hata siku ambayo mgonjwa anapumua bila taabu.

Katika pumu ya mzio, mambo huanzia kwenye utando wa ndani wa mirija hiyo. Utando ukiguswa na kinyesi cha utitiri, chembe za mende, chavua au mbegu za kuvu, seli zake hutoa protini za tahadhari, zikiwamo interlukini-33 na ile ifahamikayo kwa herufi TSLP. Protini za jamii hii huitwa saitokini, nazo ndizo zinazopeleka ujumbe kutoka seli moja ya kinga kwenda nyingine. Ujumbe wa tahadhari huziamsha seli T saidizi za aina ya pili, ambazo nazo hutoa saitokini tatu zinazojenga ugonjwa. Interlukini-4 huziamuru seli B zitengeneze kingamwili iitwayo imunoglobulini E. Interlukini-5 huziita seli nyeupe za damu ziitwazo eosinofili na kuzirefushia maisha. Interlukini-13 huzidisha kohozi na kuifanya misuli ya mirija iwe myepesi kubana. Imunoglobulini E hujipachika juu ya seli masti zilizo kandokando ya mirija, na kizio kinaporudi, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine katika muda wa dakika chache. Hapo ndipo mgonjwa anapobanwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba mkondo huu wote haukuwapo kwa ajili ya vumbi. Eosinofili, imunoglobulini E na kohozi jingi ni silaha za kale za mwili dhidi ya minyoo. Mzio ni silaha hiyo hiyo iliyoelekezwa kwa kitu kisicho na madhara. Mkulima wa Rufiji anayelinda mpunga akiwa juu ya dungu anaielewa hali hii bila maelezo marefu: mlinzi mzuri huamka nguruwe anapoingia shambani, lakini mlinzi anayepiga debe kila jani linapotikisika atawachosha majirani na kuukanyaga mpunga wake mwenyewe gizani.

Protini inayotuliza

Interlukini-10 ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na kundi la Tim Mosmann nchini Marekani. Jina lake la awali lilimaanisha kitu kinachozuia utengenezaji wa saitokini, na jina hilo liliieleza vizuri kuliko namba iliyopewa baadaye. Protini hii huzituliza seli zinazozionesha seli T vitu vigeni, na zikitulia, seli T hazipati amri kali ya kushambulia. Hupunguza utoaji wa interlukini-5, huzipunguzia eosinofili maisha na huzipoza seli masti.

Hutengenezwa na seli za namna nyingi, lakini kwa mzio zilizo muhimu zaidi ni seli T dhibiti. Seli hizi zilitambulishwa na Shimon Sakaguchi wa Japani katika miaka ya 1990, na baadaye ikafahamika kwamba nyingi kati yake huongozwa na jeni iitwayo FOXP3. Mtoto anayezaliwa na FOXP3 mbovu hupata, pamoja na maradhi mengine, ukurutu mkali na imunoglobulini E nyingi mno. Yaani breki ikikosekana, mzio huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kujitokeza. Kwa ugunduzi huo, Sakaguchi pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Minyoo ndiyo mafundi wakubwa wa kuzitumia seli hizi. Kimelea cha matende huishi ndani ya mirija ya limfu kwa miaka mingi, na kile cha kichocho hukaa kwenye mishipa ya damu kando ya kibofu. Hakuna kimelea kinachoweza kuishi muda mrefu hivyo mbele ya kinga iliyo macho. Kwa hiyo vimelea hutoa vitu vinavyouchochea mwili wa mwenyeji uongeze seli T dhibiti na interlukini-10, pamoja na protini nyingine ya utulivu iitwayo TGF-beta. Utulivu huo hauishii kwa mnyoo. Seli zilizopoozwa kwa ajili ya kimelea huwa zimepoozwa pia kwa ajili ya utitiri, na mtoto hunufaika bila kimelea kukusudia.

Ipo kazi nyingine ya interlukini-10 ambayo ina faida ya moja kwa moja kwa mganga. Protini hii huzielekeza seli B zitengeneze imunoglobulini G4 kwa wingi. Kingamwili hiyo hukinasa kizio kabla hakijaifikia imunoglobulini E, na yenyewe haiwashi moto. Watu wenye vimelea vya matende huwa na imunoglobulini G4 nyingi sana katika damu, kiasi kwamba imetumika kama alama ya maambukizi. Hali kama hiyo imeonekana kwa wafuga nyuki wanaoumwa mara nyingi katika msimu mmoja: interlukini-10 na imunoglobulini G4 hupanda, na uvimbe wa ngozi hupungua. Walina asali wa mikokoni wanaosema kwamba nyuki wamewazoea wana sehemu ya ukweli, ila waliozoea ni wao.

Sambamba na hayo, minyoo huongeza pia imunoglobulini E ya jumla, ambayo kwa kiasi kikubwa haielekezwi kwa kizio chochote mahususi. Ndiyo maana kipimo cha imunoglobulini E ya jumla, kinachouzwa kwa bei kubwa katika maabara za mijini, hakina uzito mkubwa kwa mgonjwa anayetoka delta. Namba inaweza kuwa juu sana kwa mtu asiye na mzio wowote. Anayelipia kipimo hicho ili ajue kama mwanawe ana pumu mara nyingi hupata jibu la swali jingine.

Ushahidi ulipofikia

Utafiti uliolivuta zaidi swali hili ulichapishwa mwaka 2000 na Anita van den Biggelaar na wenzake, waliowachunguza watoto wa shule 520 karibu na Lambaréné nchini Gabon. Watoto wenye kichocho cha mkojo, aina ile ile inayopatikana Rufiji, walikuwa na mwitikio mdogo wa ngozi kwa utitiri wa vumbi kuliko watoto wasio na kichocho. Kadiri seli za mtoto zilivyotoa interlukini-10 nyingi zilipokutana na antijeni za kichocho, ndivyo ngozi yake ilivyoelekea kutulia. Kundi hilo hilo liliripoti mwaka 2004 kwamba watoto waliotibiwa minyoo mara kwa mara walianza kuitikia utitiri zaidi.

Msomaji asikimbilie hitimisho. Ngozi inayovimba kwa utitiri si pumu. Wengi wenye ngozi ya namna hiyo hawana pumu, na katika vijiji vya Afrika wako wengi wenye pumu ambao ngozi yao haiitikii kitu; kwao moshi wa jikoni na maambukizi ya utotoni ni visababishi vya kutiliwa maanani. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2006 zilionesha pia kwamba minyoo haifanani: safura ilihusishwa na pumu kidogo, ilhali minyoo mikubwa ya mviringo ilihusishwa na pumu zaidi, pengine kwa sababu lava wake hupita mapafuni na kuyachokoza.

Jibu lenye nguvu zaidi limetoka Uganda. Huko Entebbe, wajawazito 2,507 waligawanywa kwa kura, baadhi wakapewa dawa za minyoo na wengine dawa bandia. Watoto wachanga wa waliopewa albendazoli walipata ukurutu zaidi. Matokeo hayo yalitia hofu. Kisha, katika visiwa vya Koome vya Ziwa Viktoria, vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa: vingine vilipewa matibabu ya kawaida na vingine matibabu makali ya kila miezi mitatu kwa miaka mitatu. Kichocho kilipungua zaidi katika vijiji vya matibabu makali, lakini mluzi wa kifua na mwitikio wa ngozi kwa vizio havikutofautiana baina ya makundi mawili. Jaribio la kura linalowahusu watu wa vijijini wanaofanana na wa delta lina uzito kuliko ulinganisho wa siku moja, na jaribio hilo halimpi mzazi sababu ya kuogopa dawa za minyoo.

Nchini Uingereza walijaribu njia ya kinyume: wenye pumu waliwekewa kwa hiari lava kumi wa safura. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2010, haukuonesha nafuu ya maana. Interlukini-10 yenyewe iliwahi kutengenezwa kama dawa na kujaribiwa kwa maradhi ya utumbo na ya ngozi, lakini ikavunja matumaini. Protini hii hufanya kazi mahali maalumu, kwa wakati maalumu, ikiwa pamoja na nyenzake. Kuimwaga katika damu nzima si sawa na kuitoa pale inapohitajika. Tena ikizidi ina ubaya wake, kwa kuwa huwafungulia njia maadui wa kweli kama kifua kikuu na huweza kuzipunguzia chanjo nguvu.

Rufiji baada ya dawa

Rufiji ya zamani, iliyojumuisha Kibiti kabla wilaya haijagawanywa katikati ya muongo uliopita, ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyonywa dawa za matende kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba baada ya awamu 12 za umezaji dawa, pamoja na matumizi ya vyandarua vyenye viuatilifu, antijeni ya vimelea kwa watoto wadogo wa shule ilikuwa imepungua sana. Hayo ni mafanikio ambayo babu mwenye busha, aliyeacha kwenda msikitini kwa aibu, hahitaji kuelezwa maana yake. Kichocho kisipotibiwa huharibu kibofu na via vya uzazi vya wanawake, na huweza kuleta saratani. Safura humaliza damu ya mjamzito. Kuyaacha maradhi hayo yaendelee kwa matumaini ya kinga isiyothibitishwa dhidi ya pumu ni biashara ya hasara.

Ila kizazi kinachokua bila minyoo kina kinga iliyofunzwa tofauti, na huduma za afya zinapaswa kukitazama hivyo. Wakati huo huo, mazingira nayo yanabadilika. Vijana wanahama Mbwera kwenda Kibiti mjini, na kutoka Kibiti kufuata barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Utafiti wa watoto wa shule wilayani Wakiso, Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, uliona kwamba waliozaliwa mjini walikuwa na hatari kubwa ya pumu kuliko waliozaliwa kijijini. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoingia Rufiji na Kibiti ni mfano mwingine: nyumba iliyokaa majini huota kuvu ukutani na magodoroni, na mbegu za kuvu ni kizio kikali. Kwa mgonjwa wa pumu, godoro lililolowa na kukauka lenyewe halifai tena kulaliwa.

Mganga wa delta ana tahadhari nyingine mbili ambazo mwenzake wa Ulaya hazikumbuki kila siku. Kwanza, wapo wachache ambao breki hii hushindwa mbele ya kimelea cha matende chenyewe. Mwili wao hukishambulia mapafuni, nao hupata kikohozi cha usiku na mluzi unaofanana kabisa na pumu, huku eosinofili zikizidi 3,000 katika kila mikrolita ya damu. Hao hupona kwa dawa ya vimelea vya matende, na kuwapa dawa za pumu peke yake ni kuwachelewesha. Pili, vidonge vya steroidi vya muda mrefu vinaweza kuwa hatari kwa mtu mwenye minyoo ya strongiloidi, kwa sababu kinga ikilazwa, minyoo hiyo huzaana na kusambaa mwilini. Pale vidonge vinapohitajika kwa muda mrefu, minyoo hiyo itafutwe na kutibiwa kwanza.

Utulivu unaopatikana kwa pampu

Zipo sasa dawa za sindano zinazozuia protini za mzio moja baada ya nyingine: omalizumabu huinasa imunoglobulini E, mepolizumabu huizuia interlukini-5, na dupilumabu hufunga kipokezi kinachotumiwa na interlukini-4 na interlukini-13. Bei yake haifikiki kwa mvuvi wa kamba, na wagonjwa wengi hawazihitaji.

Steroidi ya kuvuta kwa pampu hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Huingia ndani ya seli za mirija na kuzima jeni zinazotengeneza interlukini-4, 5 na 13, na huzisaidia seli T kutoa interlukini-10. Kwa maneno mengine, huuleta katika mirija ya hewa, kwa dozi ndogo na bila mnyoo, utulivu unaokosekana. Salbutamoli peke yake haifanyi hivyo. Hulegeza misuli kwa saa chache, mgonjwa akajiona mzima, na uvimbe ukaendelea chini kwa chini. Kwa sababu hiyo mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha tangu mwaka 2019 kupendekeza salbutamoli bila steroidi kwa watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi.

Imani kwamba pampu ni ya wagonjwa mahututi, au kwamba ukiianza utaizoea, imewaweka wengi kwenye vidonge vya aminofilini na salbutamoli ambavyo havigusi chanzo cha uvimbe na huufanya moyo uende mbio. Pampu haileti uteja. Anayeiacha na kubanwa tena hajaizoea dawa. Uvimbe wake umerudi. Baada ya kuvuta steroidi, mgonjwa asukutue kinywa kwa maji na kuyatema, ili asipate fangasi wa mdomo.

Kwa familia inayoishi ng'ambo ya mito, swali lenye uzito ni la usiku wa maji kupwa, mtumbwi ukiwa umekaa topeni. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, mtoto anayevuta mbavu ndani au mwenye midomo ya kijivu, asisubiri alfajiri. Chombo kitafutwe na dawa ianze nyumbani. GINA inaelekeza midonyoo 4 hadi 10 ya salbutamoli kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza, kupitia chombo cha kati kinachoipa dawa nafasi ya kufika mapafuni badala ya kuishia kooni. Chombo hicho kinaweza kutengenezwa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa kandokando isivujishe, ilifanya kazi sawa na chombo cha kununua kwa watoto waliobanwa. Mtoto huweka midomo kwenye shingo ya chupa, mzazi hubonyeza mara moja, mtoto huvuta na kutoa pumzi mara tano au sita, kisha hubonyezwa tena. Chupa ioshwe kwa maji yenye sabuni na iachwe ikauke kwa hewa bila kufutwa kwa kitambaa, kwa maana plastiki iliyosuguliwa hupata chaji ya umeme na kuivutia dawa ibaki ukutani mwa chupa.